Maswali na Majibu: Skrini ya Bluu, RAM na Kompyuta Isiyozimika

Swali: Kompyuta yangu huonyesha skrini ya bluu kisha hujiwasha upya. Fundi amepiga Windows mara tatu na tatizo limerudi. Sasa anataka kupiga tena. Nikubali? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Usikubali. Tatizo linalosalia baada ya Windows kupigwa upya mara tatu aghalabu limo katika kifaa chenyewe, au katika kiendeshi kibovu, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa fulani, ambayo mafundi huiita dreva, anachokirudisha fundi kila mara kutoka kwenye flashi yake. Kila skrini ya bluu huandika msimbo wa kosa, na kwa kawaida Windows huhifadhi faili dogo la kumbukumbu za tukio katika folda ya Minidump iliyo ndani ya folda ya Windows. Fundi anayefuta diski kabla ya kusoma maandishi hayo amefuta ushahidi pamoja na picha za familia yako, nami sitachoka kulisema hili.

Msimbo ukiwa MEMORY_MANAGEMENT, au ukibadilika kila mara bila mpangilio, anza kwa kuishuku RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, kisha uruhusu kompyuta ijiwashe upya na kujipima. Kipimo hicho kikikosa kuona kitu usiridhike bado, kwa kuwa makosa mengine hujitokeza baada ya saa kadhaa. Weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, na uiache ipime usiku kucha. Kosa hata moja halivumiliki. Likionekana, zima, chomoa waya wa umeme, kisha pima kipande kimoja kimoja cha RAM katika kila tundu: kosa likikifuata kipande, kipande ndicho kibovu, likibaki kwenye tundu, angalia madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Wakati huo usinakili mafaili yako kwa kutumia kompyuta hiyohiyo, maana kila unachonakili hupitia RAM na kinaweza kuharibika bila onyo lolote. Toa diski, nakili kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima.

Swali: Kompyuta yangu inazima. Tatizo ni nini? (Msomaji, hakutaja aliko)

Jibu: Swali la namna hii hunifikia kila wiki, na halijibiki: andika aina na modeli ya kompyuta, toleo la Windows, msimbo ulioonekana, na kitu ulichobadilisha siku tatizo lilipoanza.

Swali: Laptopu yangu ya Windows 10 haizimiki. Huzunguka tu kwa dakika nyingi, kisha hutoa DRIVER_POWER_STATE_FAILURE. (Mwalimu, Mwanza)

Jibu: Ahsante kwa kunakili msimbo, Mwalimu. Maana yake ni kwamba kuna kiendeshi ambacho hakikuitikia kompyuta ilipobadili hali ya umeme, na wanaoshukiwa mara nyingi ni viendeshi vya Wi-Fi, vya kadi ya picha na vya vifaa vya USB. Chomoa kila kifaa cha nje, uzime, uone. Tatizo likibaki, fungua Device Manager, sehemu ya Windows inayoorodhesha vifaa na viendeshi vyake, na ukirudishe kiendeshi katika toleo lake la awali ikiwa kilisasishwa karibuni. La sivyo, pakua kinachofaa kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu kwa kufuata modeli yako kamili.

Jambo jingine ambalo hukuuliza: tangu Windows 8, pale kipengele cha Fast Startup kinapokuwa kimewashwa, amri ya kuzima haizimi kila kitu, bali huhifadhi kiini cha mfumo wa Windows kwenye diski ili kiamshwe kesho kama kilivyokuwa, pamoja na viendeshi vyake. Kwa hiyo kiendeshi kilichokwama leo kinaweza kuamka kikiwa kimekwama. Kizime kipengele hicho katika mipangilio ya umeme.

Swali: Ni programu gani nzuri ya kusasisha viendeshi vyote kwa mkupuo? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Hakuna ninayoipendekeza, na nyingi kati ya hizo huleta viendeshi visivyo vya modeli yako.

Swali: Je, kiendeshi kimoja kinaweza kweli kuangusha kompyuta nzima? (Mwanafunzi, Dodoma)

Jibu: Naam, kwa sababu viendeshi vingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, na humo kosa moja husimamisha kila kitu. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilituma faili lenye kasoro, likasomwa na kiendeshi cha programu yake ya usalama, na Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Safari nyingi za ndege zilifutwa duniani. Dawa iliyotangazwa ilikuwa kuingia katika Safe Mode, hali ambayo Windows huwaka na viendeshi vya lazima tu, kulifuta faili hilo moja, na kuwasha upya. Hapakuwa na haja ya kupiga Windows. Wengi walikwama kwa sababu diski zao zilifungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski, na ufunguo wa kuzifungulia hawakuwa nao karibu. Uandike wako leo kwenye karatasi, uuhifadhi mbali na kompyuta.