Je, kumbikumbi na mchwa ni wadudu wawili tofauti?

SWALI: Nafundisha Gredi ya 6 katika Kaunti ya Vihiga. Niliandika ubaoni: "Mchwa ni chungu weupe. Kama nyuki, wana malkia na mfalme wanaotawala. Mvua ikinyesha, kumbikumbi na mchwa hutoka kichuguuni. Kumbikumbi hizi huliwa." Mwalimu mwenzangu alisahihisha "hizi" kuwa "hawa", akasema mengine yote yako sawa. Mwanafunzi naye akauliza kama kumbikumbi na mchwa ni wadudu wawili. Nimjibu vipi?

JIBU: Kuhusu "hawa", mwenzako amepata. Mchwa, kumbikumbi, nyuki, nyigu na siafu ni viumbe hai, kwa hivyo upatanisho wao ni wa A-WA ingawa majina yenyewe hayabadiliki: mchwa huyu, mchwa hawa. "Michwa" na "wachwa" hayapo. Hata wakishakaangwa na kupimwa kwa gorogoro sokoni, bado ni kumbikumbi waliokaangwa, kama tunavyosema samaki waliokaushwa. Mabawa yao ndiyo hufuata ngeli yake: mabawa yameanguka.

Lakini hilo ndilo kosa dogo kuliko yote ubaoni.

Nianze na swali la mwanafunzi, maana limegusa penyewe. Kumbikumbi ni mchwa, kama vile mtetea ni kuku. Jina hili halitaji aina nyingine ya mdudu, linataja mchwa aliyefikia daraja fulani: amekomaa kijinsia, ana macho na mabawa manne, yuko tayari kuruka. Kwa hivyo "kumbikumbi na mchwa hutoka" ni sawa na kusema "mtetea na kuku wametaga". Huku kwetu magharibi kosa hili ni rahisi kulifanya, kwa sababu Wajaluo wana ngwen na Waluhya wengi wana tsiswa, majina yanayosikika zaidi jikoni kuliko kichuguuni, na anayekula kumbikumbi hana haja ya kumfikiria yule mchwa aliyetafuna mlango wake.

Kumbikumbi wa kike na wa kiume hutoka pamoja mvua inapoanza, hasa ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba. Wakitua, hukatika mabawa kwenye mstari maalumu karibu na shina la bawa. Ndiyo maana asubuhi unafagia mabawa matupu chini ya taa. Dume humfuata jike, wakachimba shimo na kujifungia humo. Tangu hapo jina hubadilika: si kumbikumbi tena, ni malkia na mfalme. Basi andika "malkia wa mchwa", kamwe usiandike "malkia wa kumbikumbi".

Tahadhari moja hapo kwenye taa. Si kila kinachoruka ni kumbikumbi. Kumbikumbi ana mabawa manne yenye urefu unaolingana, hana kiuno chembamba, na vipapasio vyake vimenyooka. Chungu mwenye mabawa ana kiuno kilichobanwa, vipapasio vilivyopinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Lile dude la kahawia lenye tumbo refu nene, ambalo watu hulikimbia wakidhani ni nyigu mkubwa, ni siafu dume.

Sasa "chungu weupe". Hii ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, nayo imeleta makosa hata kwenye vitabu. Mchwa si chungu wa rangi yoyote. Chungu, sisimizi na siafu ni wa ukoo mmoja na nyuki na nyigu. Mchwa ni wa ukoo wa mende, na wataalamu wa wadudu sasa huwapanga katika oda moja, yaani kundi moja kubwa la wadudu wenye asili moja. Kuishi kwa jumuiya, pamoja na malkia, askari na vibarua wasiozaa, kulizuka kivyake kwa mchwa, na kivyake tena, zaidi ya mara moja, upande wa nyuki, nyigu na chungu. Tunatumia majina yale yale kwa sababu kazi zinafanana, ila asili yao ni mbalimbali.

Tofauti hiyo ya asili inaamua maneno mengine. Vibarua wa nyuki na wa chungu wote ni wa kike, kwa hivyo ukiandika "vibarua hawa ni dada" umesema kweli. Vibarua wa mchwa ni wa kike na wa kiume; hapo neno ni "ndugu". Nyuki ana buu, ambaye wafugaji humwita jana, kwa wingi majana. Mchwa hana buu: huanguliwa akiwa na umbo la mchwa mdogo, basi sema "mchwa wachanga".

"Kama nyuki, wana malkia na mfalme" nayo haisimami. Mchwa wana mfalme kweli: huishi na malkia chumbani na kumpanda tena na tena maisha yao yote. Nyuki hawana. Nyuki dume humpanda malkia hewani na kufa papo hapo, na anayefanya hivyo mara moja hastahili cheo hicho. Mwite dume, basi.

Kuhusu "wanaotawala", mimi ningelifuta kabisa. Malkia wa mchwa wanaojenga vile vichuguu vikubwa hutaga maelfu ya mayai kwa siku, tumbo likivimba hata asiweze kujikokota, na hulishwa na vibarua. Haamrishi mtu. Kwa nyuki ni wazi zaidi: vibarua ndio huamua buu yupi awe malkia. Mabuu wote hupewa maziwa ya nyuki, yaani chakula maalumu kinachotolewa na vibarua, kwa takriban siku 3 za mwanzo; anayeandaliwa kuwa malkia huendelea kupewa hayo tu, akatoka akiwa kamili siku ya 16 tangu yai litagwe, wakati kibarua hutoka karibu siku ya 21. Kwa hiyo nyuki "hulelewa kuwa malkia". "Amezaliwa malkia" si sahihi.

Ubaoni ningeandika: "Mchwa si chungu; ni jamaa za mende. Katika kichuguu mna malkia anayetaga mayai, mfalme, askari na vibarua. Mvua ikinyesha, mchwa wenye mabawa, yaani kumbikumbi, huruka kwenda kuanzisha vichuguu vipya. Kumbikumbi hawa huliwa."

Na wakiandika insha juu ya nyuki wanaohama, wakumbushe kwamba bumba lina ngeli yake: bumba la nyuki limetua juu ya mwembe. Wakiliondoa bumba, warudi kwa nyuki wametua.