Nimemfukuza mtunza stoo, sasa nimeitwa CMA

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Mtunza stoo wangu alitoa mifuko 40 ya saruji bila hati. Nilimpa barua ya tuhuma saa 3 asubuhi, saa 8 mchana tukakaa kikao chini ya meneja aliyemkamata, jioni nikamwachisha kazi. Sasa nimepata wito wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ushahidi wa wizi ninao. Kuna cha kuhofia?

JIBU: Kipo, ndugu, nacho ni utaratibu. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na kwamba utaratibu ulikuwa wa haki. Leja ya stoo na mashahidi vitakusaidia kwenye sababu tu.

Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinampa mtuhumiwa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Wewe ulimpa saa tano. Kikao huongozwa na kiongozi ambaye hakuhusika na tukio. Meneja wako ni shahidi, hakupaswa kukalia kiti kile. Je, mfanyakazi aliruhusiwa kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi? Alisikilizwa kuhusu adhabu kabla hujaamua?

Nakusihi, usiandike upya muhtasari wa kikao. Nakala ya barua anayo, ina tarehe na saa. Ikiwekwa mezani, hata ushahidi wako wa kweli hautaaminika tena.

Soma kwanza fomu yake ya malalamiko. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa CMA ndani ya siku 30. Kama alichelewa na hakuomba kuongezewa muda, weka pingamizi mapema. Siku ya usuluhishi nenda mwenyewe, au mtume mwenye mamlaka ya kukubali kiasi cha fedha. Waajiri wengi humtuma karani asiyeweza kuamua lolote, na nafasi ya kumaliza kwa gharama ndogo inapotea. Usipotokea kabisa, msuluhishi anaweza kuamua shauri bila wewe.

Mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuchukua na cheti cha utumishi mpe sasa. Anavistahili hata kama aliiba. Mkielewana, makubaliano yaandikwe na kusainiwa hapo hapo, yakitaja kiasi, tarehe ya malipo na kwamba madai yote yamekwisha.