Dawa ya majaribio haichukui nafasi ya mionzi

SWALI: Daktari, kaka yangu alipasuliwa uvimbe kichwani na kipimo cha nyama kikaonyesha glioblastoma, yaani saratani ya ubongo. Anasubiri mionzi Dar es Salaam. Hapa Ujiji kuna mtu anauza dawa anayosema inajaribiwa Ulaya. Anatushauri tuahirishe mionzi, na tusikubali majaribio ya hospitali kwa kuwa wengine hupewa vidonge vitupu visivyo na dawa na kuachwa wafe. Tufanye nini?

JIBU: Mionzi ianze tarehe iliyopangwa, kwa sababu saratani hii hukua upesi.

Hayo ya vidonge vitupu nayasikia hapa Tabora kila mara, na yananichosha, kwa kuwa yana nusu ya ukweli. Katika majaribio mengi makubwa ya ugonjwa huu kwa wagonjwa wapya, makundi yote mawili, la dawa mpya na la kulinganisha, hupata matibabu ya kawaida, yaani mionzi ya takriban wiki sita pamoja na vidonge vya temozolomaidi, dawa ya saratani. Dawa mpya, au kidonge kitupu, huongezwa juu yake. Temozolomaidi yenyewe ilipita njia hiyo. Katika utafiti wa wagonjwa 573 uliochapishwa mwaka 2005, wote walipangiwa mionzi, nusu wakaongezewa dawa hiyo, na waliofikisha miaka miwili wakatoka kama 10 hadi 26 katika kila 100. Dawa nyingine ya saratani, bevasizumabu, nayo iliongezwa vivyo hivyo. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba ilichelewesha uvimbe kukua tena, lakini haikurefusha maisha, jambo ambalo lisingejulikana bila kundi la kulinganisha.

Muuzaji wenu hana kundi la kulinganisha. Ana ushuhuda tu. Wagonjwa wengi wa uvimbe wa ubongo hupewa deksamethasoni, ambayo hupunguza maji yaliyojaa kuzunguka uvimbe, na ndani ya siku chache mtu aliyekuwa hasimami huweza kutembea. Sifa huenda kwenye chupa ya mitishamba iliyonunuliwa wiki hiyohiyo, na jirani naye anauza ng'ombe ili ainunue.

Yeyote anayewauzia "dawa ya majaribio", iwe ya saratani, kisukari au shinikizo la damu, mdaini fomu ya ridhaa, kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kabla hamjafungua pochi. Na kama kaka ameshaanza kuinywa, chupa isafiri naye hadi kwa daktari wake, maana temozolomaidi hushusha chembe za damu, na mchanganyiko usiojulikana unaweza kumwongezea madhara.