Kichapuzi au kiongeza kasi? Chembe au chembechembe?

SWALI: Nafundisha Nakuru, na klabu yetu ya sayansi inatayarisha jarida la ukutani kwa Kiswahili. Mwanafunzi mmoja ameandika hivi kuhusu utafiti wa fizikia ya chembe: "Boriti ya protoni inaharakishwa katika kiongeza kasi ya chembechembe halafu inagonga." Mwingine ameandika kuhusu hospitali: "Mgonjwa wa saratani huchomwa na mionzi ndani ya mashine yenye mionzi." Wenzangu wa Kiswahili wanasema sentensi zote mbili ni sawa kisarufi. Wenzangu wa fizikia wanazikataa. Tumfuate nani?

JIBU: Walimu wa fizikia wana haki ya kuzikataa, lakini dawa iko kwa walimu wa Kiswahili. Kila kosa la kifizikia katika sentensi hizo limepenya kupitia neno, kiambishi au kiunganishi, na ukirekebisha Kiswahili, fizikia inakaa sawa yenyewe. Nianze na boriti, maana hiyo ni rahisi.

Boriti ni mti unaobeba paa au dari. Mwanafunzi wako amefungua kamusi ya Kiingereza, akakuta neno moja lenye maana mbili, akachukua ile ya seremala. Mkondo mwembamba wa mwanga, au wa chembe zinazoelekea upande mmoja, ni mwale. Wingi wake ni miale: mwale huu, miale hii. Msiandike mwali. Mwali wa moto ni ulimi wa moto, na mwali mwingine ni msichana anayefundwa unyagoni. Katika mtambo mkubwa wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ulio chini ya ardhi kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, protoni za mwale hazitiririki kama maji ya bomba. Husafiri kwa mafungu: mtambo ulisanifiwa uwe na mafungu 2,808 katika kila mwale, na kila fungu liwe na protoni bilioni 115 hivi. Fungu ni neno la sokoni na linatosha kabisa, hakuna haja ya kubuni jingine.

Chembe nalo lilikuwa neno la ghalani na jikoni kabla halijafika maabara. Twasema chembe ya mahindi, chembe ya mchele wa Ahero, na mtu fulani hana chembe ya aibu. Ingawa linaanza kwa ch, liko katika ngeli ya I-ZI: chembe hii imepita, chembe hizi zimepita. "Chembe hiki" ni kosa, isipokuwa unataja chembe cha moyo, pale chini ya kifua, na hilo ni neno jingine lenye ngeli yake. Elektroni na protoni vilevile ni za I-ZI.

Chembechembe ndiyo yenye hatari. Kisarufi haina kasoro, kwani uradidi huo huleta picha ya vitu vidogo vingi vilivyotapakaa. Shida ni kwamba hospitalini neno hilo limeshapata kazi. Muuguzi akisema chembechembe nyeupe zimepungua, anataja damu. Sasa mkiandika kwamba mashine inarusha chembechembe ili kuua chembechembe za saratani, msomaji atajuaje ipi ni elektroni na ipi ni sehemu ya mwili wa mgonjwa? Wekeni mpaka: chembe kwa fizikia, seli kwa mwili. Mkilazimika kutaja chembechembe za damu, litajeni jina zima.

Tuje kwenye kiini cha swali. Kuna maneno matatu yanayoshindana: kiharakishi, kiongeza kasi na kichapuzi.

Kiharakishi nakiweka kando. Kuharakisha ni kumhimiza mtu asichelewe: harakisha, matatu inajaa. Kitenzi hicho kinahusu muda wa kumaliza jambo, na protoni haina miadi.

Kiongeza kasi kimeundwa vizuri, kwa muundo uleule wa kipaza sauti: ki-, kitenzi, kisha kitu kinachotendwa. Lakini kuna mtego wa kiunganishi a-unganifu, na mwanafunzi wako ameuingia. "Kiongeza kasi ya chembe" husomwa kama kitu kinachoongeza kasi-ya-chembe, yaani "ya" inafuata kasi. "Kiongeza kasi cha chembe" ni jina la mtambo, na "cha" inafuata ki- ya mwanzo. Mkilifanya kuwa jina la kifaa, lazima liwe la pili, na wingi wake ni viongeza kasi vya chembe. Kwenye kichwa cha habari, tofauti hiyo ya silabi moja ndiyo inayoonyesha kama unataja kifaa au unakieleza.

Hata hivyo, silipendi kwa sababu nzito zaidi: linasema jambo ambalo mtambo mkubwa karibu haulifanyi. Protoni huingia katika duara la CERN, lenye mzingo wa kilomita 27 (kama kutoka Kisumu mjini hadi kuipita Ahero kidogo), zikiwa tayari zimepitia mitambo midogo iliyotangulia. Huingia na nishati ya elektronivolti bilioni 450 (elektronivolti ni kipimo cha nishati, nitakieleza hapo chini), na kasi yao wakati huo imepungukiwa na kasi ya mwanga kwa mita 650 hivi tu kwa sekunde. Kumbuka mwanga huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kisha mtambo huzisukuma kwa takriban dakika 20 hadi zifike elektronivolti trilioni 6.8. Nishati imekuwa mara 15. Na kasi je? Sasa zimepungukiwa na mwanga kwa mita 3 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Kazi yote hiyo imeongeza kasi kwa sehemu mbili katika milioni moja. Hakuna kitu chenye uzito kinachoifikia kasi ya mwanga, kwa hiyo kila msukumo mpya huingia kwenye nishati, si kwenye mwendo.

Dereva anayetoka Kondele akikanyaga mafuta kupita Mamboleo, mshale wa kasi hupanda. Akilini mwa msomaji, hiyo ndiyo picha inayoletwa na kiongeza kasi. Inafaa kwa televisheni za zamani zenye kisogo, ambamo elektroni zilianza karibu na sifuri na, kwa volti 25,000 hivi za televisheni ya rangi, kufika kama thuluthi ya kasi ya mwanga. Kwa mtambo wa CERN inapotosha.

Kwa hiyo chaguo langu ni kichapuzi. Kitenzi chake ni cha zamani na kila mtu anakijua: chapua miguu, chapua mwendo. Kutoka hapo fizikia ilishapata mchapuko, neno linalotumika kwa badiliko la mwendo, iwe ni kuongezeka, kupungua au kupinda njia, na katika duara hilo kubwa kupinda ndiyo kazi ya sumaku usiku na mchana. Kanuni ya kuunda jina ni ileile ya chambua kuzaa mchambuzi na pindua kuzaa mpinduzi: chapua, kichapuzi, wingi vichapuzi. Mnapata ukoo mzima wa maneno: protoni huchapuliwa, uchapuzi wa elektroni, kichapuzi cha mstari, kichapuzi cha duara. Neno lenyewe haliitaji kasi, basi halimfungi mwandishi. Wasomaji wengi wa Nakuru hawajalizoea, ndiyo, na hilo hutibiwa kwa maelezo mara moja, linapojitokeza kwanza: kichapuzi, yaani mtambo unaozipa chembe nishati kwa nguvu za umeme. Baada ya hapo liandikeni bila kuomba radhi.

Na iwe nishati. Msiandike nguvu pale mnapotaja elektronivolti. Elektronivolti moja ni nishati inayopatikana elektroni moja ikivuka tofauti ya volti 1, na ni ndogo mno. Elektronivolti trilioni 1 ni kama nishati ya mwendo ya mbu anayeruka. Ajabu ya mtambo ni kuishindilia yote ndani ya protoni moja. Jina la kipimo hutangulia namba: kilomita 27, elektronivolti trilioni 6.8, kelvini 1.9 (kelvini ni kipimo cha halijoto). Na kelvini haitanguliwi na digiri.

Sasa "inagonga". Hapa kiambishi kimoja kinabeba fizikia nzima, na ningependa mliandikie aya yake peke yake. Kugonga ni kwa upande mmoja: mwale unagonga kitu kilichotulia. Kugongana ni kwa pande mbili: miale miwili inakutana uso kwa uso. Katika mtambo wa CERN miale miwili huzunguka kwa mielekeo inayopingana, kila mmoja katika bomba lake lenye ombwe, yaani lililoondolewa hewa, na kukutanishwa katika sehemu nne. Protoni ya elektronivolti trilioni 6.8 ikigongana na mwenzake wa trilioni 6.8, nishati yote trilioni 13.6 inaweza kutumika kuzaa chembe mpya. Protoni hiyohiyo ikigonga protoni iliyotulia, nishati kubwa huishia kusukuma vipande mbele, na inayobaki kwa kuzaa chembe ni kama bilioni 113 tu. Kiambishi -an- hapo kina thamani ya mara 120. Ndiyo maana mtambo huo ni kigonganishi: gonga, gongana, gonganisha, kigonganishi. Kigonganishi Kikubwa cha Hadroni (hadroni ni jamii ya chembe ambamo protoni imo) ni jina linalosomeka bila kujikwaa. Chembe ya Higgs, iliyotabiriwa mwaka 1964, ilitangazwa kupatikana humo tarehe 4 Julai 2012, na ilitokana na kugongana.

Kuna neno hukuliuliza lakini jarida lenu litalihitaji: ukinzani. Huo ni ugumu wa waya kupitisha umeme. Wanafunzi huandika upinzani, na upinzani ni wa bungeni. Sumaku 1,232 zinazopinda miale, kila moja ikiwa na urefu wa mita 15, hupozwa hadi kelvini 1.9, yaani digiri 271 za selisiasi chini ya sifuri, ili nyaya zake zipitishe umeme mwingi bila ukinzani wowote. Tarehe 19 Septemba 2008, siku tisa baada ya mwale wa kwanza kuzunguka duara, kiungio kimoja kati ya sumaku mbili kilikuwa na ukinzani kidogo. Kikapata joto, kikakatika, cheche ya umeme ikatoboa chombo cha heli inayopoza sumaku, na tani kadhaa za heli zikamwagika kwenye handaki. Ukarabati ulichukua zaidi ya mwaka mmoja, na miale ikarudi Novemba 2009. Mtu akiandika "upinzani kidogo" hapo, msomaji atatafuta waliogoma.

Sentensi ya hospitali ndiyo ningeishughulikia kwanza kama ningekuwa nawe darasani, kwa sababu itasomwa na mtu mwenye mgonjwa nyumbani. "Huchomwa" inaogofya bure. Ngozi yaweza kuwa nyekundu na kuwasha wakati wa matibabu, lakini kitendo chenyewe si kuchoma. Andikeni hutibiwa. Kisha "na" hutaja mtenda, "kwa" hutaja kifaa au njia: aliathiriwa na mionzi, alitibiwa kwa mionzi. Mtenda katika matibabu ni mhudumu.

"Mashine yenye mionzi" ni kosa lenye uzito zaidi. Kiambishi -enye husema kitu kimo ndani wakati wote. Kauli hiyo inafaa mashine ya kobalti-60, metali inayotoa mionzi yenyewe, ambayo chanzo chake hutoa mionzi mchana na usiku kikiwa kimefunikwa, na hupungua nguvu kwa nusu kila miaka 5.27, ndiyo maana lazima kibadilishwe. Kichapuzi cha mstari cha hospitali hakina kitu kama hicho. Elektroni hutolewa na waya uliopashwa moto, huchapuliwa kwa mawimbi ya mikrowevu ndani ya bomba lenye ombwe, kisha hugonga (hapa ni hugonga, bila -an-) kipande cha metali nzito kama tangsteni. Safari yake ikikatizwa hivyo ghafla, elektroni hutoa eksirei, na vibamba vya metali huupa mwale umbo la uvimbe unaotibiwa. Umeme ukizimwa, eksirei zinakoma papo hapo. Mashine inazalisha mionzi, haina mionzi, na mgonjwa aliyetibiwa kwa mwale wa eksirei kutoka nje harudi nyumbani na mionzi mwilini. Anaweza kumbeba mjukuu wake jioni ileile. Familia inayosoma "yenye" inaweza kumtengea vyombo na kitanda bila sababu.

Basi sentensi ya kwanza iwe: "Miale miwili ya protoni huchapuliwa katika kichapuzi cha chembe, kisha protoni hugongana." Ya pili: "Mgonjwa wa saratani hutibiwa kwa mionzi inayozalishwa na kichapuzi cha mstari." Kwenye bango la hospitali, ambako hakuna nafasi ya maelezo, "mashine inayozalisha mionzi" inatosha.