Simu ya jirani inaimba kutoka Salgaa mpaka Ahero, nifanyeje?

Wasomaji wangu, tangu tuongelee ile maneno ya chenji ya nauli barua zimegeuka, sasa karibu zote ni kelele za ndani ya gari. Nimechukua nne. Zingine ni matusi matupu, hizo nimeziweka kando.

Mjomba, habari ya siku. Mimi nafanya kazi Nakuru na nyumbani ni Ahero, so mwisho wa mwezi lazima nipande shato, zile matatu za masafa, niende nione mama. Juzi nimekaa katikati, kulia kwangu kijana hana iafoni za maskio anaangalia TikTok, na si ati wimbo mmoja uishe, ni sekunde tano mtu anacheka, sekunde tano mtu anapigwa kofi, alafu ule wimbo unarudi tena na tena. Nje ni baridi ya Mau Summit, madirisha yote yamefungwa. Nikamwangalia vibaya, yeye akadhani nataka kuona, akanigeuzia simu tuangalie pamoja! Kwani hakuna sheria? Na nikimwambia, si atanitusi mbele ya watu? – Mama wa Ahero, Nakuru

Mama, pole, na hapo kwa kugeuziwa simu nimecheka sana, nisamehe. Lakini hiyo ndio habari njema kwa barua yako yote. Mtu wa kukugeuzia simu hana ubaya na wewe, huyo hajui tu kama anasumbua, na mtu kama huyo anaambiwa na anaskia. Mwenye utamtambua ni shida ni yule anakuona umekunja uso alafu anaongeza.

Sheria iko. Kanuni za kuzuia kelele zilitoka 2009, chini ya ile sheria ya mazingira ya 1999, na zinakataza mtu yeyote kupiga kelele kubwa isiyo na sababu inayosumbua wenzake. Yeyote, yaani si klabu peke yake na si kanisa la mabati peke yake. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ndio wenye hizo kanuni, alafu Katiba ya 2010 kwa Jedwali la Nne ikapea kaunti pia kazi ya kushughulikia kelele na kero zingine za umma. So kwa karatasi uko sawa kabisa. Sasa niambie nani atakuja. Afisa hawezi pandia shato Salgaa na kamashine ka kupima sauti ju ya TikTok, na mkifika Kericho ushahidi umeshuka na mwenyewe ameenda kununua mahindi. Hata huko London, penye sheria za treni zinaweza kukutoza mpaka pauni 1,000 kwa kucheza muziki unaosumbua, mwaka wa 2025 bado walikuwa wanabandika mabango ya kuomba watu tafadhali wavae iafoni. Wenye faini wanabembeleza, sisi ni nani.

Kitu nimeona inasaidia ni kuongea mapema, gari ikiwa bado iko steji. Shato za masafa unalipia pale ofisini, unapewa risiti na namba ya kiti, na zikitoka mara nyingi hakuna konda ndani, ni dere na nyinyi tu. Gari ikingoja kujaa dere amesimama hapo mlangoni, hana haraka, na viti viwili vitatu bado havina mtu. Ukiskia jirani ameanza kufungulia simu hapo hapo, unaeza mwambia dere polepole, "boss, huyu jirani yangu simu yake iko juu, nisaidie ama unibadilishie kiti," na ataifanya ju hataki abiria ashuke aende kwa sako ya jirani, yaani chama kingine cha magari. Mkishapita Ngata umechelewa. Sasa dere ana malori mbele na malori nyuma, na ile barabara ya Salgaa kwenda Sachangwan tunaijua sote kwa ajali zake, mimi sitaki dere anageuka nyuma kuamua kesi ya simu hapo.

Kama mmeshatoka basi ni wewe na kijana. Mwambie kwa sauti ya kuskika na yeye peke yake, "kijana wangu, nipunguzie kidogo, kichwa kinanigonga." Mwambie apunguze, hiyo ya "zima" uiache. Ukisema zima umempa amri mbele ya watu na kila mtu amegeuka kuangalia kama atatii, hapo hata mtoto mzuri anakuwa jeuri. Ukisema punguza na umtaje kichwa chako, anaonekana amesaidia mama, na wengi wakishapunguza wanaona haina maana wanazima wenyewe. Alafu usitafute mashahidi. Ile ya kugeukia gari nzima, "jameni, si mnaskia hii kelele?" ndio inaleta matusi, ju sasa imekuwa kura.

Akikataa, kaa nayo mpaka Kericho. Magari mengi husimama hapo watu wakaenda choo, ongea na dere akiwa chini, uhamishwe wewe ama yeye. Najua si haki wewe uhame na si wewe unapiga kelele. Lakini Kericho mpaka Ahero ni mteremko na joto linaanza, madirisha yanafunguliwa, upepo unaingia, hata hiyo simu haitakusumbua kama ilivyokuwa kule juu.

Mjomba, mbona mnatuandama vijana? Dere anaweka muziki mpaka kiti kinatetemeka, hakuna mtu anasema kitu, wote wanatingisha kichwa. Mimi nikiweka kasimu kangu wazee wananikodolea macho kama nimeiba. Kwani kelele ni makosa tu ikiwa ya mtu hana spika kubwa? Na iafoni zangu zilikufa upande mmoja, alafu mwingine. – Komredi, Njoro

Komredi, hiyo hoja nimeikubali nusu. Ni ukweli tunaogopa muziki wa dere ju tunaona gari ni lake, na hizo kanuni za 2009 hazijamwachia yeye mlango. Abiria ana ruhusa ya kumwambia apunguze, na wale wazee wanakukodolea wewe wangemkodolea yeye kwanza. Kuna watu wananiandikia ati enzi za Michuki, yule waziri wa uchukuzi, gari zilikuwa kimya. Zile sheria za 2004 zilileta mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano na sare za konda, na enyewe fujo ilipungua, lakini wakati huo simu yenye inaimba haikuwa kwa mfuko wa kila mtu. Hii shida yako ni mpya.

Nusu nimekataa ni hii. Spika ya gari ina bezi, ile ngoma ya chini unaiskia kwa mwili hata ikiwa chini kidogo. Spika ya simu ni ndogo kuliko ukucha, bezi haitoki, kinachotoka ni ile sauti nyembamba ya juu, "tsi tsi tsi" na mtu anapiga mayowe. Wewe unaijua ile wimbo so kichwa chako kinajaza bezi yenyewe, mimi siijui, naskia mabati yakikwaruzwa. Ndio maana unashangaa mtu anakasirikia wimbo mtamu.

Na ya pili, kelele inazaa kelele. Kuna daktari Mfaransa aliitwa Lombard, 1911 alionyesha mtu akiwa penye makelele anapandisha sauti yake bila kujua. Panda matatu yoyote uone: redio ya dere iko juu, wewe unaongeza simu upate kuskia, yule mama wa nyuma anapigiwa simu anaanza kupiga kelele, "NIKO NJORO! NJORO!", dere anaona haskii redio yake, anaongeza. Hakuna mtu aliamua kuharibu safari, lakini mkifika Nakuru kila mtu ameshuka na sauti imekauka. Sasa wewe na wenzako mko kumi na nne, na kila mmoja ana simu. Kama wewe una haki, na wao wanayo.

Iafoni naelewa, na najua shida si bei ju pale steji wachuuzi wanakuletea mpaka dirishani. Shida ni simu za siku hizi nyingi hazina kale katundu ka zamani, unanunua za mia moja unafika ndani ya gari haziingii. Kabla hujalipa chomeka hapo hapo dirishani, uskie pande zote mbili, muuzaji akikataa ujaribu mwachie. Ukikosa kabisa angalia vidio zenye maandishi chini, sauti izime, TikTok nusu yake haihitaji kuskika (naskia mtaniandikia kwa hiyo, andikeni). Na ukishapata iafoni usipandishe mpaka mwisho ndio ushinde injini. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukipandisha juu ya hapo hizo saa zinapungua haraka. Kama mtu wa kando anaskia wimbo kutoka kwa iafoni yako, uko juu sana.

Mjomba shikamoo. Mimi huchukua matatu Luanda asubuhi kwenda kazi Kisumu. Kuna mzee wa kwetu tunakutananga kwa gari, ana kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, yenye redio, anafungulia mahubiri na matangazo ya vifo, volyumu mpaka mwisho, kutoka Luanda, Maseno, mpaka mjini. Anamjua baba yangu, amekula kwetu. Nitamwambiaje bila kuonekana sina adabu? – Binti wa Luanda

Marahaba binti yangu. Huyu humwambii, huyu unamsaidia. Kaa karibu naye siku moja, msalimie vizuri, ulizia watu wa nyumbani, ng'ombe, mvua. Alafu mwambie, "Baba, hii simu spika yake iko nyuma, ukiiweka hivi kwa paja inaziba. Ukiishika hapa karibu na sikio utaskia vizuri kuliko." Na ni kweli, zile kabambe nyingi spika iko mgongoni na wazee wanaziweka kwa paja ama mfuko wa koti, sauti inazibwa, wanaongeza. Akiishika kwa sikio yeye mwenyewe ataona imekuwa nyingi, na hapo ndio unauliza, "nikupunguzie kidogo isikuumize?" Wengi hata hawajui kitufe kiko wapi, walinunuliwa na mtoto wa Nairobi akaenda.

Inaweza pia kuwa masikio yameanza kuchoka. Ukiona anakuuliza "unasema?" kila mara, mweleze baba yako, wao ni marika watajua venye wataongea, apelekwe akapimwe.

Lakini binti, hayo matangazo ya vifo mwachie. Huo si muziki. Nusu ya gari inajifanya kusinzia lakini inaskiza kama ni mtu wa Yala ama wa Ebusakami, ndio wajue Ijumaa wataomba ruhusa kazini ama la. Yakiisha na mahubiri yaanze, sasa ndio usaidie na kitufe.

Mjomba, mimi ni konda ruti ya Kisumu–Kakamega. Abiria wananiita, "konda, ambia huyu azime," mwingine ananiambia "mwache, amelipa." Nikimshusha sako watanisimamisha, nikimwacha wanalalamika. Nifanye nini? – Konda wa Kondele

Omera, usimshushe. Amelipa, na ukimwacha Kiboswa saa mbili usiku kwa sababu ya wimbo, akipatwa na kitu hiyo kesi ni yako na ya sako, si ya wale walikuwa wanapiga kelele ati "mtoe".

Tangaza mapema kabla mtu yeyote hajakosea. Ukianza kuokota nauli mkitoka Kondele sema kwa gari yote, bila kuangalia mtu, "wasafiri wangu, simu kwa iafoni, na kuongea pia tupunguze spika, asante." Mwenye alikuwa karibu kufungulia hataona ni yeye amelengwa. Na hapo hapo inua mkono kwa dere apunguze redio, kila mtu aone, ju ukisema hivyo na spika zenu zinatingisha kioo watakucheka mpaka Majengo.

Mwenye anaendelea baada ya hapo mhamishe nyuma kabisa kwa kona kama kuna nafasi, mwambie ni ya kubalansi gari, wewe ni konda unajua maneno ya kutumia. Na wale wanaongea simu kwa spika, wanataja pesa wametuma na namba ya kitambulisho gari nzima ikiskia, wewe wanong'onezee tu, "mathee, kuna watu wanaandika." Watazima haraka kuliko ukiwaomba.