Ridi ya saksafoni usiihukumu siku ya kwanza

Miaka yangu ya mwanzo ya kupuliza saksafoni ya alto kanisani na kwenye harusi hapa Dar es Salaam, nilikuwa nafungua boksi jipya, nazijaribu ridi zote 10, vile vipande vyembamba vya tete vinavyotetema na kutoa sauti, kwa mkupuo, kisha natupa zile zisizolia. Naumia nikikumbuka. Ridi zenyewe ni ghali, na nyingi nilizotupa hazikuwa na kasoro.

Namba iliyochapwa pale, 2, 2½ au 3, ni ya ugumu tu, si ya ubora. Tena 2½ ya Vandoren kwa kawaida ni ngumu kuliko 2½ ya Rico, kwa hiyo ukibadili kampuni anza kujipima upya. Ridi ni mmea, jamii ya matete. Mengi hulimwa Var, kusini mwa Ufaransa. Hata zilizotoka boksi moja hazilingani.

Mimi huanza na macho. Gome liwe na rangi ya dhahabu. Likiwa na ukijani, tete halijakauka vya kutosha. Halafu naishika ridi mbele ya taa, ncha juu. Katikati unaonekana mti wa kivuli, mzito chini, unaofifia kadiri unavyopanda. Kivuli kikilalia upande mmoja, tayari najua tatizo litatokea wapi.

Kisha naifunga kwenye mausipisi, ile sehemu ya saksafoni inayoingia mdomoni, naziba tundu la nyuma kwa kiganja, nafyonza hewa yote na kuitoa mdomoni. Ridi nzuri hubaki imenata kwa sekunde kadhaa, halafu inaachia: pop! Ikiachia papo hapo, hewa inapenya. Ifunge upya kwanza. Ikirudia, huenda tumbo lake, ule upande bapa unaolala juu ya mausipisi, limepinda; isugue taratibu kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo.

Jaribio lililonifaa kuliko yote ni la kuinamisha. Geuza mausipisi kidogo kushoto mdomoni ili upande mmoja wa ridi ubanwe na mwingine ubaki huru, puliza noti moja, kisha geuza kulia. Upande ulio huru ukitoa pumzi nyingi kuliko sauti, huo ndio mnene. Uparuze mara mbili tatu kwa msasa, ujaribu tena. Katikati usiguse, na nchani uwe mwangalifu mno, maana pale pamebaki unene wa karatasi.

Hayo yote bado si hukumu. Siku ya kwanza ilowanishe kwa maji safi dakika mbili, ipulize dakika tano, basi. Kesho kumi. Siku ya nne ndipo naandika alama kwa penseli: vema, au alama ya kuuliza. Nikienda Dodoma kwenye hewa kavu nachukua za akiba, kwa sababu ncha hujikunja mawimbi ikikauka ghafla.

Zenye alama ya kuuliza nazirudisha kwenye kikasha chake na kuzijaribu tena baada ya wiki kadhaa. Ridi iliyo kwenye alto yangu leo ina alama ya kuuliza niliyoiandika mwezi Machi.