Jibu: Vidoa vyeupe kwenye MRI ya mwenye kipandauso

Pole sana, dada. Umeuliza kama vile vidoa vyeupe kwenye MRI yako (picha ya ndani ya ubongo) ni dalili kwamba kipandauso kinakula ubongo. Hapana. Mimi ninavyo vitatu, na ile ripoti ilininyima usingizi wiki nzima! Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia watu miaka 9, matokeo yakatoka 2012: vidoa viliongezeka kwa wanawake 77 katika kila 100 wenye kipandauso, na 60 katika kila 100 wasio nacho. Umeona? Hata wasioumwa wanavyo. Na havikuhusishwa na kumbukumbu kudhoofika. Ila kama maumivu ya kichwa chako hutanguliwa na vimulimuli machoni na unameza vidonge vya uzazi wa mpango, au unavuta sigara, mwambie daktari. Hapo ndipo hatari ya kiharusi hupanda.